Fundi apimwe kwa kazi yake, si kwa mti usio na matunda

Wahenga wetu wa pwani, ambao walikuwa watu wa vyombo, walituachia msemo usiochakaa: ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo hakielei majini kwa bahati. Yuko fundi aliyepasua mbao, akayapinda mataruma, akatia kalafati kila mwanya mpaka maji yakakosa pa kuingilia. Msafiri aliyeketi sitahani haioni kazi hiyo, wala hana haja ya kuiona. Yeye ataka kufika tu.

Mpwa wangu naye ni fundi wa vyombo, ila vyake havielei baharini, vyaelea katika simu za watu. Yeye ndiye aundaye ule uso wa tovuti ambao wewe, ndugu msomaji, unauona na kuugusa: maandishi, picha, fomu ya kujaza, kitufe cha kubonyeza. Nyuma ya uso huo wako mafundi wengine, waangaliao ghala ya habari na mashine ziitunzazo. Yeye amesimama mbele, mlangoni, pale mtu na mashine wakutanapo. Lugha zake za kazi ni tatu: HTML, ambayo ni mifupa ya ukurasa; CSS, ambayo ni nguo na rangi; na JavaScript, ambayo ni misuli ya kuutia mwendo. Kazi hii haina umri mkubwa. Mwingereza Tim Berners-Lee alipoifungua tovuti ya kwanza duniani katika maabara ya CERN huko Uswisi ilikuwa mwaka wa 1991, na mimi nilikuwa kijana tayari.

Kijana huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka minne hapa Mombasa. Alitengeneza ukurasa wa zahanati ya mtaani, akatengeneza wa duka la vitambaa, kisha wa chama cha wavuvi ambao walitaka kutangaza bei ya samaki kila asubuhi. Niliufungua mimi mwenyewe ukurasa huo wa wavuvi kwa simu yangu ya bei ya chini, kwa bando ya shilingi chache, ukafunguka mara moja. Nikayakuza maandishi, maana macho yangu si yale ya zamani, nayo yakakuzika bila ya kumwagika pembeni. Sikujua wakati huo kwamba mambo hayo mawili yana kazi nyingi nyuma yake. Niliona vyaelea tu.

Mwaka uliopita akaomba kazi katika kampuni moja ya ng'ambo. Mahojiano yalikuwa ya kuonana katika kompyuta, saa tatu za usiku, naye akaja kuyafanyia nyumbani kwangu kwa sababu intaneti yangu haikatikikatiki. Mimi nilikaa chumba cha pili. Baada ya dakika 45 akatoka, uso umemsawijika.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Mjomba, wameniambia niupindue mti."

MTI WENYEWE

Nilidhani anafanya mzaha. Kumbe katika elimu ya kompyuta mti ni njia moja ya kupanga habari. Huwa na shina moja juu, nalo huwa na matawi yasiyozidi mawili, la kulia na la kushoto, na kila tawi nalo huwa na yake mawili, hivyo hivyo mpaka nchani. Kuupindua ni kulifanya kila la kulia liwe la kushoto, kama sura yako iliyo katika kioo. Ajuaye hila yake huiandika kwa mistari michache. Asiyeijua, au aliyeijua akaisahau, hutoka jasho mpaka wakati ukamwishia, na huku mtahini anamtazama kimya.

"Basi hawakukuuliza juu ya kurasa?" nikasema.

"Hata neno moja."

Mimi, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma. Nililelewa katika nyumba ambayo mtoto aliyeanguka mtihani hakuulizwa mtihani ulikuwaje. Nikamwambia: "Mtihani ni mtihani, baba. Aliyeanguka ni yule ambaye hakusoma."

Akaniitikia kwa adabu, akaenda zake. Na akasoma.

Alisoma miezi mitano. Iko tovuti iitwayo LeetCode ambayo ina maswali ya namna hiyo zaidi ya 3,000, na kiko kitabu cha Mmarekani Gayle Laakmann McDowell, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 2008, ambacho vijana wa kazi hii wanakisoma kama wanafunzi wa darasa la nane walivyokuwa wakisoma vitabu vya maswali ya mtihani. Mpwa wangu akaandika majibu katika vipande vya kadibodi akavibandika ukutani. Usiku nilimsikia akikariri kama tulivyokuwa tukikariri sisi chuoni.

Na katika miezi hiyo mitano hakuunda kitu. Mwenye duka la vitambaa akatafuta fundi mwingine. Ukurasa wa wavuvi ukaharibika, wakampigia simu, akawaomba wangoje kidogo. Wakangoja. Kisha wakaacha kungoja, wakarudia kupigiana simu mmoja mmoja kuulizana bei, na wanunuzi wakaanza tena kuwapunja wale ambao simu hazikuwafikia.

Mwishowe akaomba katika kampuni nyingine, akaulizwa mti mwingine, akaupindua kama aliyezaliwa nao. Akaandikwa kazi. Tulifurahi sana, na biriani ikapikwa.

Sasa amekwisha kufanya kazi hiyo muda wa karibu mwaka. Juzi tulipokuwa tumekaa barazani nikamwuliza kwa utani: "Huko kazini umepindua miti mingapi?"

Akacheka. "Hata mmoja, mjomba. Kazi ya kwanza waliyonipa ilikuwa fomu ambayo kipofu alikuwa hawezi kukifikia kitufe chake."

"Na hilo walikuuliza siku ya mtihani?"

"Hawakuniuliza."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba usiku ule nilimjibu vibaya. Kijana alipoanguka mara ya kwanza alikuwa fundi mzuri. Alipofaulu mara ya pili hakuwa fundi mzuri zaidi. Kama kuna kilichobadilika, mkono wake ulikuwa umekaa miezi mitano bila ya kazi. Mtihani ambao humkataa mtu akiwa hodari na kumkubali akiwa amepoa, mtihani huo unapima nini?

KUHIFADHI

Sitaki msomaji anifahamu vibaya, akadhani kwamba nakidharau kitu kiitwacho kuhifadhi. Mimi ni mtoto wa chuo. Nilianza alifu bee tee kabla sijajua kufunga vifungo vya kanzu, na juzuu ya Amma nimeihifadhi chini ya maalim aliyekuwa na henzirani ndefu na masikio yasiyokosa herufi. Wako wasomi wa siku hizi wanaotucheka, ati tulikariri tusivyovielewa. Sawa, mengi hatukuyaelewa siku ile.

Lakini hebu tuangalie maalim alituhifadhisha nini. Alituhifadhisha sura ambazo tulikuwa tukizihitaji jioni ile ile katika sala ya magharibi, na asubuhi yake, na mpaka leo hii. Kilichohifadhiwa ndicho kilichotumika. Na siku ya kututahini alisema neno moja tu: "Soma." Hakumtahini mwanafunzi wa tajwidi kwa kumtaka asuke mkeka, kisha akaamua kwa uhodari wa mkeka kwamba kisomo chake ni sahihi. Maalim wetu alikuwa mkali, lakini alikuwa na insafu.

Hivyo ubaya wa mitihani hii ya kompyuta haumo katika kuhifadhi. Umo katika kumhifadhisha mtu kitu ambacho ataingia nacho mlangoni, kisha akitupe.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Mafumbo haya ya hesabu huitwa algorithimu, na asili ya neno hilo ni jina la mtu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kutoka 813 hadi 833. Wazungu walipokitafsiri kitabu chake cha hesabu kwa Kilatini, jina lake wakaliandika Algoritmi, nalo likawa jina la elimu yenyewe. Kitabu chake kingine ndicho kilichotupa neno aljebra. Sasa, msomaji, ukikifungua kitabu hicho cha aljebra utaona kwamba sehemu yake kubwa ni masuala ya mirathi na wasia: mtu amekufa, ameacha mke na watoto kadha wa kadha, kila mmoja apate nini? Yamo pia ya kupima ardhi na ya biashara. Mzee huyo hakuitunga elimu yake ili awafungie watu mlango. Aliiweka pale penye kazi, penye mjane anayengoja fungu lake. Sidhani angefurahi kuliona jina lake limekuwa kizingiti cha kumkwaza fundi asiyeulizwa habari ya ufundi wake.

HOJA ZA WENYE KUTAHINI

Pamoja na hayo, si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza, na waajiri wanazo hoja zao.

Ya kwanza ni kwamba nafasi moja huombwa na mamia ya watu, na kompyuta haiwezi kuzisoma nyuso zao. Lazima pawe na chekecheke. Ya pili ni nzito zaidi, hasa kwetu sisi Wakenya tunaoujua ugonjwa wa kazi kupewa mtoto wa fulani. Mti hauna mjomba. Ukiupindua umeupindua, uwe umezaliwa Majengo au umezaliwa Muthaiga, uwe na shahada au huna. Vijana wengi ambao hawakupata kukanyaga chuo kikuu wameingia kwa mlango huo, na haifai kuwabeza.

Ya tatu ni kwamba elimu hiyo yenyewe si upuuzi. Chukua mfano: una orodha ya majina 10,000, nawe wataka kujua kama kuna jina lililoandikwa mara mbili. Fundi asiyejua hesabu atalilinganisha kila jina na kila jingine, na hizo ni kulinganisha karibu mara milioni 50, mpaka simu ya mtu ipate moto mkononi. Fundi ajuaye atapita mara moja tu, akiweka alama kila jina alilokwisha kuliona. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayeilipia ni mwenye simu. Tena ukurasa wa tovuti wenyewe, kivinjari kinapousoma, hupangwa kama mti: ukurasa umebeba sehemu, sehemu imebeba aya, aya imebeba maneno. Kwa hivyo fundi wa uso wa tovuti hawezi kusema kwamba miti haimhusu kabisa.

Hoja zote tatu nazikubali, lakini hakuna hata moja inayodai mtihani uwe huu. Chekecheke ya mchele si chekecheke ya kokoto. Ukitaka kujua kama fundi anaelewa tofauti ya kupita mara moja na kupita mara milioni 50, mpe ukurasa unaokwama kwa sababu ya kosa hilo umwambie autengeneze. Ukitaka kuepuka upendeleo, wape waombaji wote kazi ile ile, ufiche majina yao, na uwe na mizani moja ya kuwapimia. Kazi nayo haina mjomba.

WALIOPIMA KIPIMO

Wala tusidhani kwamba mabwana wa ng'ambo wamekaa kimya juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Microsoft ilijulikana kwa kuwauliza waombaji mafumbo, kama vile kwa nini kifuniko cha shimo la maji machafu barabarani kimefanywa duara. Google nayo ikafuata mtindo huo. Lakini mwaka wa 2013 Laszlo Bock, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa mambo ya wafanyakazi huko Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo yale yalikuwa kupoteza wakati na hayakubashiri chochote. Mafumbo ya vifuniko yakaachwa. Mafumbo ya miti yakabaki.

Mwaka wa 2015 Max Howell, mtungaji wa programu ya Homebrew ambayo mafundi wengi wenye kompyuta za Mac huitumia kila siku kuwekea programu nyingine, alitangaza kwamba Google wamemkataa. Kwa maelezo yake, alishindwa kuupindua mti katika ubao, ingawa mafundi wengi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wakikitumia chombo alichokiunda yeye. Yaani chombo chaelea, abiria wamo, wanasafiri, na aliyekiunda anaambiwa hajui useremala.

Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina pamoja na wa Microsoft waliwajaribu wanafunzi 48 wa elimu ya kompyuta. Nusu yao walitatua swali ubaoni huku mtahini akiwatazama. Nusu ya pili waliachwa peke yao chumbani na ubao wao. Wale waliotazamwa walifanya kwa kiasi cha nusu tu ya wenzao. Na katika kundi la kutazamwa hapana mwanamke hata mmoja aliyefaulu, ilhali wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Watu 48 ni wachache, na hatuwezi kuwajengea dunia nzima juu yao, lakini yatosha kutufanya tujiulize: je, tunapima elimu, au tunapima haya na woga?

Wataalamu wa mambo ya kazi nao wamelichunguza suala hili tangu zamani. Mwaka wa 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya uchunguzi wa miaka 85, na kipimo walichokiweka juu kabisa kilikuwa kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye. Mwaka wa 2022 Paul Sackett na wenzake walizihesabu upya hesabu hizo wakaona zilikuwa zimetiwa chumvi. Kwa hesabu mpya, mahojiano yaliyopangwa, ambayo kila mwombaji huulizwa maswali yale yale juu ya kazi ile ile na kupimwa kwa mizani ile ile, yakashika nafasi ya kwanza, na mtihani wa kuijua kazi ukafuata. Kile kipande cha kazi kikashuka, lakini hakikutoka miongoni mwa vipimo vya maana. Vipimo vyote hivyo vitatu vina jambo moja vinavyoshirikiana: vinamkabili mtu kwa kazi anayoiomba.

Na sasa limekuja la kuuvunja mtihani huu kabisa, nalo ni akili bandia. Maswali haya, kwa kuwa yamerudiwa na kuandikwa kila mahali, mashine huyajibu kwa nukta chache. Mwaka wa 2025 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York alipata umaarufu kwa kuunda programu ya kuwapa waombaji majibu kwa siri katikati ya mahojiano, na chuo kikamsimamisha masomo. Mimi siuteti udanganyifu. Lakini kufuli ambayo mwizi huifungua kwa unyasi, na mwenye nyumba mwenyewe huhangaika nayo usiku kucha, hiyo si kufuli ya kujivunia.

MADHARA YAKE KWETU

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya vijana wa kompyuta, mimi yananihusu nini? Yanakuhusu. Serikali yetu imezihamishia huduma zake kwa maelfu katika eCitizen. Pasipoti, leseni na hati nyingi huombwa kwa kujaza fomu katika kioo cha simu. Kila siku unasimama mbele ya mlango ulioundwa na fundi wa namna ya mpwa wangu.

Sasa tazama hali ya milango hiyo duniani. Shirika la WebAIM, lililo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, huchunguza kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja zenye kutembelewa sana. Mwaka wa 2024 waliona kwamba asilimia 95.9 zilikuwa na makosa ya wazi yenye kuwazuia watu wenye ulemavu. Kosa lililoongoza lilikuwa maandishi yaliyofifia mno juu ya rangi ya nyuma yake, nalo lilipatikana katika kurasa 8 kwa kila 10. Zaidi ya nusu zilikuwa na picha zisizo na maelezo ya maneno, na kipofu, ambaye simu humsomea kwa sauti, akifika penye picha kama hiyo hupita gizani. Mafundi waliozijenga kurasa hizo si wajinga. Wengi wao, bila shaka, hupindua miti wakiwa wamefumba macho. Lakini mtu hujifunza kile anachoulizwa. Ukimwuliza fundi miti miaka kumi na tano, utapata misitu, na kipofu atabaki nje ya mlango.

Jambo hili lataka kuangaliwa mapema hapa kwetu. Nasikia vijana wakisema kwamba waajiri wa hapa nyumbani, wenye kampuni za watu kumi au ishirini, nao wameanza kuiga mitihani hiyo, ati kwa kuwa wakubwa wa California ndivyo wafanyavyo. Wakubwa wale wana waombaji wengi mno. Wakimkosa hodari mmoja, wa pili yuko nyuma yake. Mwenye kampuni ndogo ya Nairobi au Mombasa hana utajiri huo. Akimkataa aliye hodari, amekosa.

MTIHANI WA KAZI

Mtu asilaumu asipotoa shauri. Mimi si fundi wa kompyuta, lakini nimemwuliza aliye fundi, na haya ndiyo tuliyokubaliana barazani.

Mwombaji apewe ukurasa mbovu, mfano wa fomu ya karo ya shule. Picha yake ni kubwa mno na inakula bando ya mzazi. Maandishi ni ya kijivu juu ya weupe. Jedwali linamwagika nje ya kioo cha simu ndogo. Kitufe hakifikiki ila kwa kipanya. Apewe saa mbili, kompyuta yake, na vitabu vyake vyote, maana hakuna fundi afanyaye kazi huku amenyang'anywa vitabu. Aachwe peke yake. Kisha aulizwe kwa upole: kwa nini ulianza na hili? Hili umeliachaje? Ungepewa siku mbili ungefanya nini zaidi? Katika maswali hayo aliyenakili kwa mashine bila kuelewa atajulikana mapema, kama maalim alivyomjua aliyekuwa akifuatisha sauti ya mwenzake. Na waombaji wote wapewe ukurasa huo huo na alama kwa kanuni hiyo hiyo. Jambo moja zaidi: kazi hiyo isizidi saa hizo mbili, na ikizidi ilipwe. Wako waajiri waliouacha mti wakaleta dhuluma nyingine, ya kumpa mtu kazi ya siku nne nyumbani bila ya ujira wala jibu.

Kwa vijana nina neno moja. Miti jifunzeni, ni elimu, na elimu haimwozei mtu. Lakini mtu akikuangusha kwa mti, usiseme kwamba wewe si fundi. Itazame kazi yako kama yaelea.

Mpwa wangu Jumapili iliyopita alikaa kwangu tangu asubuhi mpaka alasiri akiutengeneza ukurasa wa wavuvi. Hakutaka malipo, alisema ni deni. Nami nilikuwa na deni langu, nikamwambia kwamba usiku ule nilimjibu kwa haraka. Akanijibu, "Si neno, mjomba," akaendelea na kazi. Sisi watu wa chuo tulifundishwa kwamba elimu bila ya amali ni kama mti usio na matunda, na kwa huo ndio ninaomalizia, kwa ubeti niliouandika nikimtazama:

Fundi mwekee ubao, na randa umkabidhi,
Si kumweka kwa kikao, asome alohifadhi,
Enyi mtahiniao, hilo halina gharadhi,
Mti usio na zao, kuupanda si faradhi.